Boya Lililokunywa Petroli

Gereji nzima walimwita Mzee Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Injini ikikohoa, huinama, hufumba macho na kusikiliza kama anayenong'onezwa siri. Siku hizi hata akiyafumbua, macho yenyewe huona ukungu tu. Juzi nusura feni ya injini imkate vidole, na tangu hapo bintiye, ambaye ndiye msimamizi wa gereji, hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia, "Baba, tukifunga kazi tuna mazungumzo." Alikusudia kumwomba apumzike nyumbani. Maneno alikuwa nayo, ujasiri ndio ulikuwa haba.

Kabla ya adhuhuri mkunga wa mtaa aliingia na kigari chake, uso umefura.

"Geji yenu hiyo mpya ya mafuta inasema tupu hata nikijaza tangi! Nikazoea kuipuuza. Jana mafuta yakaisha kweli njiani. Nilipofika, mtoto keshazaliwa mikononi mwa jirani. Mungu kasaidia, wote wazima. Na siku nyingine je?"

Binti aliona aibu. Geji ile aliifunga yeye mwenyewe wiki iliyopita. Alichukua bisibisi ili aifungue tena dashibodi, ila baba yake akamshika mkono.

"Mjumbe hauawi, mwanangu. Geji inasema ilichoambiwa. Tumuulize aliyemtuma."

Mzee aliinua kiti cha nyuma, akapapasa mpaka akaipata plagi ya waya juu ya tangi, akaichomoa.

"Washa swichi. Nisomee mshale."

"Umelala, Baba."

Akaugusisha ule waya kwenye bodi ya gari. "Sasa?"

"Unapanda... unapanda... umejaa!"

"Basi geji nzima, na waya mzima. Mgonjwa yumo tangini."

Alikitoa kifaa cha tangini taratibu, akakifuta kwa kitambaa. Vidole vyake vilifuata mkono wa chuma hadi kwenye boya lililo nchani, akalitikisa karibu na sikio. Akatabasamu, akamsogezea bintiye naye asikie. Ndani mlikuwa na kitu kinachochezacheza, chwa, chwa.

"Limepasuka, limekunywa petroli, mlevi huyu," alisema. "Boya la kuelea likizama, litasema tupu hadi kiama."

Binti alimtazama kwa fahari yule mzee asiyeona hata rangi ya gari. Alimpenda baba yake siku zote, lakini siku hiyo alimstaajabia. Wakafunga boya jipya, mshale ukapanda wenyewe bila kubembelezwa. Mkunga akawashukuru wote wawili, akaondoka haraka maana kuna mama aliyekuwa anamsubiri.

Jioni mzee alinawa mikono, akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Haya. Ulisema tuna mazungumzo."

"Nilitaka kukuambia... kesho uje mapema, Baba. Kazi ni nyingi."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mwongo we! Mshale wako umelala toka asubuhi, nakusikia." Kisha akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa bintiye. "Penye feni na moto sitagusa tena, hilo nakuachia. Ila kusikiliza nitasikiliza, nawe utanisomea."

Binti akaubana mkono wa baba yake. Mzee akasikia.