Siku Jina la Bi Harusi Lilipoanguka

Juzi nilikuwa nimekaa katika ofisi ya kukata tikiti za basi pale Ukunda, mara printa kuukuu nyuma ya kaunta ikaanza kukwaruza karatasi: kriii, kri-kri, ikanyamaza, kisha kriii tena. Abiria waliokaa karibu nami wakakunja nyuso. Mimi nikajikuta natabasamu peke yangu. Sauti ile hunirudisha sebuleni kwetu Msambweni, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati mamangu alipokuwa na kompyuta na majirani wengi hawana hata simu.

Kompyuta hiyo ilitoka katika hoteli moja ya Diani ambako babangu alikuwa mpishi. Hoteli iliponunua mpya, hii ya zamani akapewa yeye, pamoja na printa yake. Mamangu aliiweka karibu na dirisha, akaishonea kitambaa chenye lesi cha kukinga vumbi, na kila alipomaliza kazi aliifunika taratibu kama anayefunika mtoto aliyelala. Kabla ya kuolewa alikuwa amesomea kupiga taipu, na vidole vyake havikuwa vimesahau. Akaanza kuandikia watu kadi za harusi, mialiko ya maulidi, mitihani ya madrasa. Nyumba yetu ilinukia iliki ya mahamri na wino wa utepe wa printa kwa pamoja, na mpaka leo sijui ni ipi niliyoipenda zaidi.

Kazi iliyomfurahisha kuliko zote ilikuwa kadi za harusi ya Mwanakombo, binti wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiolewa na Bakari wa Shimoni. Shughuli yote ilikuwa mikononi mwa shangazi yake, Bi Mejumaa, mwanamke ambaye akikohoa kwake, kwetu kuku walikimbia. Bi Mejumaa alitaka maua kwenye kadi. Mashine yetu haikuwa na maua, basi mamangu akaazima disketi ya mapambo kwa mchapaji mmoja wa Mombasa. Maua yakaja, mazuri kweli. Hatukujua kwamba hayakuja peke yake.

Asubuhi moja Bi Mejumaa na Mwanakombo walikuja kuitazama kadi kabla haijachapwa. Nikawaamkia, nikawamiminia chai. Mamangu akabonyeza, na majina yakatokea kiooni katikati ya maua: Mwanakombo na Bakari. Bi Mejumaa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ghafla herufi moja ikachomoka katika jina la Mwanakombo, ikateleza hadi chini kabisa ya kioo, ikalala pale. Ikafuata nyingine. Kisha nyingine. Zilidondoka kama punje za mahindi yanayopukuchuliwa, mpaka jina lote likawa lundo tu la herufi.

“Audhubillahi!” Bi Mejumaa akasimama, chai ikamwagika mkekani. “Jina la mtoto limeanguka! Limeanguka hata nikaha haijafungwa!”

“Tulia, dadangu, ni mashine tu,” mamangu akasema, huku akibonyeza ovyo.

“Mashine gani yenye kujua bi harusi ni nani?”

Mwanakombo alikitazama kile kioo, akajifunika leso vizuri, akamfuata shangazi yake nje.

Adhuhuri haijaadhiniwa, Msambweni nzima ilikuwa na habari. Wengine walisema tumerithi jini la wageni wa hotelini. Watu wakaja kuchukua karatasi zao, wakizipokea mlangoni bila kuingia ndani. Kutoka Shimoni, mamake Bakari akatuma ujumbe kwamba harusi ingoje kwanza, jambo hili litazamwe. Babangu akauliza kwa upole kama airudishe ile mashine hotelini.

“Bado,” mamangu akajibu.

Akavaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda kwa Mama Mutua. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya nyuma yetu, Mkamba aliyekuja pwani kutafuta kazi, na alikuwa karani katika hoteli nyingine. Mamangu alimweleza yote. Mama Mutua alicheka hadi akashika mbavu.

“Mama Saumu, hiyo si jini. Hiyo ni virusi! Hata kompyuta zetu za ofisi zilishikwa.”

Akatueleza kwamba ni programu iliyoandikwa na mtu mtundu, ikajificha ndani ya programu nyingine na kusafiri kwa disketi kutoka mashine hadi mashine. Nilielewa mara moja: ilikuwa homa ya kuambukiza.

“Na dawa yake?” mamangu akauliza.

“Iko, na ni ya bure. Wenye kuitengeneza wamesema mtu wa nyumbani asilipe, na anaweza patia wengine.”

Kesho yake alituletea disketi mbili, moja safi ya kuwashia mashine, nyingine yenye dawa. Akanionyesha kidirisha kidogo kwenye pembe. “Hii ikiwa wazi hivi, kompyuta inasoma tu. Haiwezi andika kitu ndani, so virusi haiwezi ingia.” Akamwonya mamangu aizime mashine kabisa, kisha aiwashe kwa disketi safi, kwa sababu ikiwashwa kama kawaida mdudu naye huamka.

Tulifanya kama tulivyoambiwa. Dawa ikaanza kupitia kila kilichokuwemo, na mimi nikisoma kwa sauti. Kila ilipompata mgonjwa ilimtaja na kuuliza kama imsafishe, na mamangu akabonyeza ndiyo. Mwisho tukaipima ile disketi ya maua. Imejaa virusi!

“Haya,” mamangu akasema, “mwizi tumemshika.”

Akayaandika tena majina, tukayakodolea macho. Hayakusogea. Nikaruka, nikataka kukimbia nje kuwatangazia watu, akanishika bega. “Wakiambiwa hawatasadiki. Waje waone.”

Walikuja baada ya alasiri: Bi Mejumaa, Mwanakombo, na mamake Bakari aliyetoka Shimoni akiwa hana tabasamu hata la kuazima. Majirani walijaa dirishani. Mamangu hakumcheka mtu. Alisema, “Siku ile mliogopa, na mimi pia niliogopa. Ulikuwa ugonjwa wa mashine, na umetibiwa.” Kisha akainuka kitini. “Mwanakombo mwanangu, njoo ukae hapa. Andika wewe mwenyewe.”

Mwanakombo hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi, na sebule nzima ikitafuta pamoja naye. Alipomaliza jina lake akaandika la Bakari. Tukangoja.

Mamake Bakari akasogea, akaligusa lile jina kiooni. “Mbona halianguki?”

“Halitaanguka, mama,” mamangu akasema.

Printa ikalia, kadi ikatoka. Mamake Bakari akaisoma polepole, akaikunja, akaitia kifuani, ndani ya leso. Kisha akapiga kigelegele. Bi Mejumaa, asiyekubali kushindwa kwa sauti, akakidaka akakipeleka mpaka barabarani, na dirisha zima likaitikia.

Harusi ilifungwa, na ilifana. Wateja walirudi wote, wakakuta sheria mpya: hakuna disketi iliyoingia kwetu bila kupimwa. Bi Mejumaa mwenyewe alikuwa akiwaleta jamaa zake na kuamuru, “Mpimeni huyu kwanza!” Na kila aliyeitaka ile dawa, mamangu alimnakilia.

Kwa miaka mingi nilidhani alimkalisha Mwanakombo kitini kwa madaha tu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu. Angeandika yeye, wangesema mkono wake umelifunga jini, na maneno yangeendelea hadi leo. Jambo lilikuwa la Mwanakombo, akamwachia Mwanakombo alimalize.

Niliwahi kumuuliza Mwanakombo, wanawe wameshakua, kama siku ile aliiogopa kompyuta.

“Kompyuta?” akacheka. “Wala sikuwa nikiifikiria. Jina liliposimama, nilijiambia: basi, naolewa.”