Neno Ambalo Luseno Halitamki Tena Gikomba

Ukungu bado umelala juu ya Mto Nairobi wakati lori la kwanza linaporudi kinyumenyume hadi mlangoni pa stoo. Turubai linafunuliwa. Wanaume wanane wanajipanga bila kuambiwa. Robota la mitumba linasukumwa hadi ukingoni, linatua kwenye mgongo ulioinama, na mwenye mgongo anasema neno moja tu.

"Mwenyewe."

Anaondoka kwa hatua fupi za haraka. Wa pili anainama. "Mwenyewe." Wa tatu naye vivyo hivyo.

Wa mwisho ni Jotham Luseno, mwenye umri wa miaka hamsini na tatu. Robota la nguo za watoto, kilo arobaini na tano, linamshukia mgongoni. Anajiinua na kuondoka kimya. Chini ya koti lake kuna mikanda mipana ya mpira inayotoka mabegani, inapita mgongoni na kushikana na mapaja. Vazi hilo ni mali ya maabara ya chuo kikuu kimoja jijini, na ndilo lililomfunga mdomo.

Katika kikosi hiki cha wachukuzi wa soko la Gikomba, neno "mwenyewe" ni sheria. Linamaanisha: nimebeba bila kushikwa. Mkono wa mwenzako ukigusa chini ya robota lako, umetoka kikosini. Hakuna kikao wala rufaa. Odero alitoka hivyo. Alijikwaa mlangoni, mtu akamdaka kwa huruma, naye akalitua robota, akawapa wenzake mkono wa buriani mmoja baada ya mwingine, akarudi kwao Siaya.

"Ni ukali, sikatai," anasema Luseno. "Lakini mtu aliyelegea akianguka na robota, anayevunjika ni yule wa nyuma yake."

Kazi hii huvunja watu. Hakuna namna tamu ya kulisema hilo. Ila ukimuuliza Luseno kuhusu miaka yake ya kwanza, uso wake hufunguka.

Alifika kutoka Vihiga mwaka 1993, kijana wa shingo nene. Stoo zilikuwa za mbao. Mwenye stoo hii leo ni Mumina; enzi hizo mama yake ndiye aliyekuwa akichemsha sufuria kubwa ya chai ya iliki, na hakuna aliyegusa robota kabla ya kunywa. Mumina mwenyewe alikuwa mtoto wa kulazwa juu ya marobota ya blanketi. Shitanda, ambaye sasa ni kiongozi wa kikosi na ana tumbo la kutangulia, alikuwa mwembamba kama ufito. Walikuwa wakishindana kukimbia na mizigo, wauza viatu wakiwashangilia. Jumapili Luseno alimtoa mkewe Everline kutoka nyumbani kwao mtaa wa Shauri Moyo hadi uwanjani kutazama mpira, mtoto akiwa shingoni, na akarudi bado ana hamu ya kukimbia.

"Siku hizo mgongo ulikuwa mtumishi wangu," anasema. "Siku hizi ni bosi. Ukiamka mbaya, nyumba nzima inajua."

Everline alijua kabla ya kuambiwa. Asubuhi moja alimkuta ameketi kitandani akiviangalia viatu vyake kama vimemkosea. Akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo akawa anamfunga kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa na la kusema.

"Robota unaliinamia, Baba Sharon. Viatu vyako vina nini?"

Mwaka jana Waruguru, mtafiti wa maabara ile ya chuo kikuu, alifika sokoni kutafuta wachukuzi wa kujaribu vazi la kusaidia mgongo. Wengi walimcheka, wakauliza kama mshipi huo ni wa wajawazito. Luseno alikwenda.

Siku ya kupimwa mwendo, walimwambia atembee kama kawaida yake juu ya sakafu inayopima uzito wa hatua. Yeye alikuwa amevaa suti ya kanisani na viatu vilivyong'arishwa. Akatembea taratibu, kifua mbele, mikono ikining'inia kwa heshima. Kompyuta ikachora mwendo wa mzee anayepeleka sadaka.

"Chuo kikuu ni chuo kikuu," anajitetea. "Utaingiaje na suruali ya kazi?"

Waruguru anacheka akikumbuka. Ilibidi wamwite tena, na safari hii wakamwomba aje na gunia lake la kutandika begani. Anasema vazi haliongezi nguvu: mchukuzi anapoinama mpira unavutika, anapoinuka unamrudishia alichouvuta, na misuli ya kiuno inapata nafuu. Magoti bado yanabeba uzito uleule. Kama litamfaa mtu kwa miaka mingi, bado hawajui.

Luseno angeweza kulificha. Koti lilitosha kulifunika. Siku ya kwanza alisimama kwenye mstari kama wengine, robota likamshukia, mpira ukamvuta juu. Wenzake wakasubiri neno. Halikutoka.

Mstari ukasimama. Shitanda akamuuliza robota hilo ni la nani.

"Langu," Luseno akajibu, "na la hiki nilichovaa."

Akafungua koti, robota likiwa bado mgongoni. Wengine walisema mkono ni mkono hata ukiwa wa mpira, atoke. Mmoja akauliza kama miwani ya Shitanda nayo ni mkono. Shitanda aliivuta ile mikanda, akaiachilia ikalia pa, akafikiri muda ambao Luseno anasema aliuhisi magotini.

"Beba," akasema. "Lakini neno letu usilitamke."

Hivyo amebaki, mkiani mwa mstari wanakoanzia wageni, akibeba kimya. Viatu anajifunga mwenyewe siku nyingi. Lakini anakiri kwamba neno lile analikosa kuliko alivyodhani. Wakati mwingine hulisema moyoni, kisha huona haya.

Mwezi uliopita Shitanda alimvuta nyuma ya stoo, akamuuliza kwa sauti ya chini kama vazi hilo linashonwa la mtu mwenye tumbo. Luseno alimjibu kwamba atauliza. Ameuliza. Waruguru anataka vipimo.

Utafiti utakapokwisha, mavazi yote yatarudi maabara. Luseno ameomba aruhusiwe kubaki na lake, hata likiwa limechakaa. Bado hajajibiwa. Hataki kubeba hadi uzeeni, anasema, wala hadai arudishiwe ujana.

"Odero aliachishwa na mlango. Mimi nataka siku yangu niichague. Nije nimeoga, nibebe robota moja, nilitue taratibu, niwape wenzangu mkono, kisha nirudi nyumbani kwa miguu na Everline, tukipitia uwanjani."