Bibi Aliyekuja Kumfuata Mume Wake Krismasi

Usiponiamini sitakasirika. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine, ningemwambia aende akapumzike. Lakini haya yalinikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Milanzi, saa tisa alasiri ya siku ya Krismasi, watu wote wakiwa macho. Na sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa chai na nusu chupa ya soda, basi.

Nianze na upweke, maana ndio ulionifungulisha mlango. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu mwaka ule. Kwenye msiba ndugu zake walijaa mpaka wengine wakalala chini ya turubai, na kila mmoja akinishika mkono ananiambia, "Shemeji, hatutakuacha." Turubai lilipokunjwa, ikawa ndiyo imetoka hiyo. Simu zikapungua, halafu zikakata kabisa. Nikabaki na Neema wa miaka saba na mdogo wake Deo, wa miaka minne. Deo ni jina la ubatizo. Jina la ukoo ni Sichula, alilorithi kwa babu wa mume wangu.

Hata hivyo Krismasi ile nilijiandaa, mjinga mimi. Nilichinja jogoo, nikapika pilau sufuria kubwa, nikanunua soda kreti nzima. Tulipotoka misa, watoto wakakaa dirishani na nguo zao mpya. Kila pikipiki ikisikika Neema anasema, "Shangazi huyo!" Pikipiki inapita. Majirani wengi walikuwa wameenda vijijini kwao, mtaa umepoa. Mvua ikaanza, ile yetu ya Desemba yenye baridi ya kuingia kwenye mifupa. Nikawapakulia watoto, tukala watatu, na sufuria ikabaki imejaa. Niliingia jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso.

Ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa bibi kizee, mfupi, kajifunga kitenge cha kijani chenye picha za ndege. Akasema anatoka nyumbani. Nyumbani wapi? Sikuuliza. Wewe ungeuliza? Siku ya msiba nilionyeshwa wazee wa ukoo ule zaidi ya arobaini, na mwanamke aliyeolewa hamwulizi mzee wa upande wa mumewe kuwa yeye ni nani. Ni aibu. Nikasema shikamoo, nikamkaribisha, na niamini, nilifurahi. Mtu wao mmoja alikuwa ametukumbuka.

Kiti alikikataa, akakaa kwenye mkeka. Alipomwona Deo akapiga makofi. "Mume wangu! Kumbe uko huku unakula pilau na wanawake wengine, mimi umenitelekeza?"

Deo akajificha nyuma ya dada yake akicheka. Bibi akanigeukia mimi, mtu mzima vile, akapiga goti. "Shikamoo, mama mkwe."

Jamani, nilicheka! Kwetu utani huu tunaukuta tangu tunazaliwa. Bibi anamwita mjukuu mume wake, na mama wa mtoto anageuka kuwa mama mkwe. Nyumba yangu ilikuwa haijasikia kicheko tangu mwezi wa tatu. Nikaitikia marahaba kwa madaha, nikampakulia sahani ya kujaa.

"Mama mkwe," akasema, "mimi huyu mume wangu nimemfuata. Unanipa, hunipi?"

Nikajibu kama mama yeyote anavyojibu. "Mchukue, bibi. Ananimalizia sukari tu hapa. Na ukimchoka usinirudishie!"

"Umenipa?"

"Nimekupa."

"Umenipa?"

"Nimekupa, bibi, hata nguo nitakufungia."

Mara ya tatu aliuliza bila kucheka. Niliona kwamba hacheki, nakuambia ukweli. Lakini niliogopa kumuudhi, akiondoka nani mwingine angekuja? Nikasema, "Nimekupa."

Akasimama. Akasema mume wake atamsindikiza hadi barabarani, wasichelewe. Nikaenda jikoni kumfungia pilau, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Naifunga ile hotipoti, Neema akaja akasimama mlangoni.

"Mama, bibi mbona hajalowa?"

"Hajalowa nini?"

"Mvua. Alivyoingia alikuwa mkavu. Na hajala. Alikuwa anatafuna, lakini chakula chote kipo."

Nikachungulia sebuleni. Sahani ilikuwa imejaa kama nilivyoipakua, hata paja la kuku halijaguswa. Mlango uko wazi. Hotipoti iliniponyoka, nikatoka mbio peku, Neema nyuma yangu.

Hawakuelekea barabarani. Walikuwa wameshika kijia cha nyuma, kinachopita katikati ya mahindi kwenda kwenye kilima. Wanatembea taratibu, wameshikana mikono. Mvua ilikuwa inamwagika mpaka nafuta macho ndipo nione, mimi na Neema tumelowa chapachapa. Bibi alikuwa mkavu. Na mwanangu, sikiliza vizuri hapa, mwanangu naye alikuwa mkavu. Shati lake jeupe jipya halikuwa na tone. Mvua ilikuwa haimpati.

"Deo!" Hakugeuka.

"Deo! Deo!" Akazidi kutembea.

Nikaita, "Sichula!" Hapo akageuka. Akaniangalia kwa adabu tu, hivi unavyomwangalia mpita njia anayekuuliza duka liko wapi. Macho yale sitayasahau.

"Bibi, nilikuwa natania!" nikapiga kelele.

"Mara tatu?" Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. "Mama mkwe, mimi sikutania. Nimekaa peke yangu siku nyingi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa sala, kwa lolote, lakini siyo kwa maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayo kifuani. Nikapiga magoti kwenye tope. "Hata mimi niko peke yangu, bibi. Ndiyo maana nilikufungulia. Lakini huyu simtoi."

Hakumwachia. Nikakumbuka hesabu yake. "Simtoi," nikasema tena. Nikaona midomo inamcheza kama mtu anayezuia kilio. Nikamhurumia, wallahi, na huku namhurumia nikamalizia. "Simtoi!"

Mvua ikampata mwanangu yote kwa mara moja, kama imemwagwa kwa ndoo. Akashtuka, akalia, akaita, "Mama!" Sikuwahi kusikia kitu kitamu vile. Bibi alikuwa hayupo, na mahindi hayakutikisika.

Jioni ile nilimpigia wifi yangu, nikamweleza sura, kitenge, hata wale ndege. Nilipofika kwenye ndege akanikatiza. "Hicho ndicho kitenge tulichomzika nacho," akasema. "Huyo ni mke wa babu Sichula. Tulimzika kaka akiwa bado hajakuoa." Akasema atakuja na wazee, tukae, tuzungumze.

Deo sasa yuko darasa la tatu. Ni mzima, mtundu, anapenda mpira. Ila jina la ukoo sitaki mtu alitaje mbele yake, na mvua ikimkuta nje hata kidogo, akiingia namshika nywele kwanza ndipo nimsalimie. Ananiambia, "Mama, nimelowa, niache." Nami nashukuru.

Basi wewe unayesoma, mgeni usiyemjua akikuomba mtoto, hata kwa utani, hata awe mzee wa kupigiwa magoti, sema simtoi. Akiona huna adabu, shauri yake.

Na kama huko kwenu kuna mjane mmemwahidi kwamba hamtamwacha, nendeni mkamwone. Wifi yangu na wale wazee mpaka leo hawajafika. Katika ukoo mzima wa mume wangu, aliyekuja kututembelea Krismasi ile ni marehemu peke yake, naye nilimfukuza.