Fidla ya Mdogo Wangu, Nta ya Baba

Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nachekesha watu. Sikuomba kazi hiyo, nilizaliwa nayo, kama wengine wanavyozaliwa na kitovu kirefu. Nikiigiza anavyotembea katibu wa kijiji, mama anaacha ugali unaungua. Nikiigiza Padre mzee anavyosinzia akisikiliza maungamo, baba anashika mbavu: "Toka hapa, mpagani wewe, utatupeleka motoni wote!" Na bado anacheka. Baba hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Alikuwa mrina asali, na mrina asali huzoea kunyamaza kwa sababu nyuki hawapendi kelele. Kwa hiyo nikimchekesha baba, siku hiyo nalala mnono hata kama tumekula mlenda mtupu.

Nayasema haya mapema ili mjue nilikuwa na nini mkononi kabla sijakitupa.

Nilikuwa darasa la saba, na mdogo wangu wa kike alikuwa la nne, shule moja, ile ya jirani na misheni pale Mpanda. Tulikaa Magamba, kwa hiyo kila asubuhi ni miguu. Mwaka huo Sista wa kizungu aliyefundisha kuimba alianzisha kitu alichokiita okestra. Msicheke. Okestra yenyewe ilikuwa filimbi tatu, ngoma mbili, na kinanda cha kukanyaga ambacho panya walishakula mapafu yake. Fidla alikuwa nazo tatu, na wenyewe wa kuzipiga alishawapata. Akatutangazia kwamba yupo mtoto mmoja mwenye sikio kuliko wote shuleni, ila hana chombo. Akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole.

"Ukipata fidla inayolia kabla ya Jumatatu ya kufungua shule, utaingia," alimwambia. "Nikishaanza sirudi nyuma kumfundisha mtu peke yake."

Mdogo wangu alirudi nyumbani anakimbia njia nzima. Mimi nyuma namwita, "Wee, ngoja! Sikio lenyewe hilo lina uchafu!" Hakugeuka.

Ajabu ni kwamba fidla tulikuwa nayo. Babu mzaa mama aliwahi kuwa mpishi wa mzungu mmoja kule mgodini, enzi mgodi unafanya kazi. Mgodi ulipofungwa, mzungu akaenda zake, akamwachia babu sufuria mbili na fidla kwenye sanduku lake. Babu alikufa bila kuipiga hata mara moja. Bibi aliliweka sanduku chini ya kitanda, akahifadhia humo mbegu za maboga na vyeti vyetu vya ubatizo. Fidla yenyewe haikuwa na nyuzi, ilikuwa na ufa tumboni, na upinde wake mchwa walishaumaliza wakaacha ganda tu.

Baba aliipakata kama anapokea mtoto wa jirani. Akaigeuza, akachungulia kwenye matundu yake, akainusa.

"Hii itapona," akasema.

"Baba, hii imeshaoza. Tuipande pamoja na maboga, labda itaota nyingine."

Akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ameshika ncha ya fidla kwa vidole viwili, kama anaogopa itatoroka.

Likizo yote baba alikuwa na fidla ile. Ndio mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, na mizinga yake ilibaki porini mwendo wa siku mbili, kwa hiyo mikono ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi. Ufa aliubana kwa kamba, akauziba. Kile kidaraja kinachobeba nyuzi alikichonga kwa mninga, akakikosea mara tatu, mara ya nne kikakaa. Ndani ya tumbo la fidla kinatakiwa kijiti kimoja kisimame, kinashika juu na chini, na hakuna mkono unaoweza kuingia mle. Baba alikifunga uzi, akakiingiza kwenye tundu, akakivuta huku na huku. Kikaanguka. Akaanza tena. Siku tatu. Mtu aliyeumwa na nyuki mpaka usoni asitukane, safari hii nilimsikia akitukana, tena kwa Kikonongo. Siku ya tatu kikasimama, na mama akapiga kigelegele kana kwamba mtu kajifungua. Nyuzi tulipewa na Sista, zake za zamani.

Ukabaki upinde. Mti alichonga mwenyewe. Nywele ndiyo ikawa shughuli. Farasi Mpanda hakuna. Wote tukawa tunamtazama bibi, maana wote tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Bibi alikuwa na usinga wa marehemu babu, mkia wa fahali mweupe kutoka kwao Kasansa. Babu aliushika siku ya harusi yake, na siku ya msiba wake uliwekwa kifuani kwake kabla bibi hajauchukua tena. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa. Mimi niliwahi kuugusa, nina kovu.

Bibi akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Akatoka nao, akamkabidhi mdogo wangu, hakumpa baba.

"Babu yako alibeba sanduku hilo kichwani kutoka mgodini mpaka hapa," akasema. "Shika. Usiniulize tena."

Baba alizichagua nywele moja moja juu ya sahani nyeupe. Zilizokatika weka huku, zilizonyooka weka kule. Ziliposhiba kwenye upinde, usinga ulibaki mpini na vinywele viwili vitatu kama ndevu za mzee mgonjwa. Hapo palikuwa hapana kurudi nyuma.

Siku mbili kabla ya kufungua shule nilitumikia misa, na baada ya misa Sista akaniita sakristia. Akanipa kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kigumu, kinapitisha mwanga, rangi ya asali iliyozeeka.

"Huu ni utomvu wa mti," akasema. "Mpe baba yako. Asugue nywele za upinde nao, asugue sana. Bila huu fidla ni bubu. Ninao huu na mwingine mmoja tu, umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

Nilisikia. Sitawadanganya nyie kwamba sikusikia.

Njiani nilikuwa na wenzangu wawili, nao watumishi wa altare. Nikawaonyesha. Mmoja akanusa, akasema, "Huu si ubani huu?" Na kweli, kwa mtu aliyekulia kwenye moshi wa kanisa, ulikuwa ubani kabisa. Pembeni ya njia kulikuwa na tanuri la matofali bado lina makaa. Tukaokota kopo la maziwa, tukalitoboa, tukalifunga kamba: chetezo. Mimi nikavua shati nikalivaa mgongoni kama joho, nikaanza kutembea kama Padre mzee, tumbo mbele, naimba Kilatini changu ambacho kilikuwa majina ya mboga tu. Wenzangu wanagaagaa chini kwa kucheka.

Nilikusudia kuchoma kipande kidogo. Nikauvunja, nikatia punje. Ukafuka moshi mzuri, harufu ya msituni. Wakasema ongeza. Nikaongeza. Halafu nikalizungusha kopo kwa mbwembwe, mkono mwingine umeshika kitambaa, nikajikwaa, na kilichobaki chote kikadondokea kwenye makaa. Kiliyeyuka kama samli. Mpaka napata kijiti cha kuchokolea, kilishakuwa povu jeusi.

Na bado tulicheka. Sanasana hapo ndipo tulipocheka zaidi.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshatunga hadithi mbili tatu. Baba alikuwa amekaa uani, upinde magotini. Ningesema tu, "Baba, nimeuharibu." Angenichapa, kesho yake angekwenda kwa Sista, na Sista alikuwa na kipande kingine, angetukatia hata nusu. Basi. Kwisha.

"Sista anasemaje kuhusu nywele?" baba akauliza.

Juu ya kigoda mbele yake palikuwa na bonge la nta aliyozibia ule ufa. Ndicho kitu cha kwanza macho yangu yalichoona.

"Anasema zipakwe nta."

"Nta?"

"Nta. Zipakwe sana."

Mngeuona uso wake. Kwa baba nta ilikuwa dawa ya kila kitu: uzi wa kushonea, ngozi ya ngoma, bawaba za mlango, miguu ya mama iliyopasuka. Ila hakutegemea kwamba Sista, na vitabu vyake vyote, angefika kulekule.

"Kumbe!" akasema. "Mama watoto, umesikia? Hata fidla ya wazungu inakula nta!"

Akaenda kuchukua ile safi, ya mwisho kutoka mizinga ya porini, ya manjano, aliyokuwa hataki kuiuza. Akaipasha kidogo juani, akasugua nywele za usinga wa babu kutoka ncha hadi ncha, taratibu, anapuliza. Mimi nilisimama pale. Nilimshikia upinde.

Akampa mdogo wangu ajaribu. Upinde ukateleza kama kambale. Hakuna sauti. Mdogo wangu akanyanyua macho.

"Hailii."

"Chombo kigeni hicho," nikadakia haraka. "Hakilii mpaka Sista akibariki."

Baba akakubali. "Ndivyo. Mzinga mpya nao, ukiupaka nta leo, nyuki hawaingii leo hii. Italia Jumatatu, mwanangu."

Jumatatu baba alivaa koti lake la kanisani, akambeba mdogo wangu kwenye baiskeli ya kuazima, fidla imefungwa kwenye kanga ya mama. Mimi nilikwenda kwa miguu, na nilitembea polepole kuliko siku zote. Nilipofika, Sista alikuwa anaisifia fidla. Aliigonga, akavuta nyuzi kwa kidole, akamwambia baba, "Hii kazi umeifanya wewe? Kijiti cha ndani pia?" Baba akainamisha kichwa, anatabasamu na koti lake.

Halafu Sista akashika upinde, akauweka kwenye nyuzi, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Akausogeza upinde puani.

"Hii ni nta," akasema. "Nani amepaka nta?"

"Mimi, Sista," baba akasema, bado ana tabasamu, anadhani anasifiwa.

Sista akatoa kipande chake cha utomvu, akasugua. Kikawa kinateleza tu. Akaleta spiriti na pamba, akafuta. Nywele zikagandamana, mashada mashada. Akaleta sabuni na maji ya moto, zikaanza kukatika mikononi mwake. Wale watoto watatu wenye fidla walikuwa wamesimama mstari mmoja wanaangalia.

"Lakini nilituma utomvu," Sista akasema. "Nilimpa mwanao. Nilimwambia bila huo ni bubu."

Akanitazama. Baba naye akanitazama. Sikuweza kuficha; uso wangu umezoea kuigiza watu wengine, wa kwangu siujui kuuongoza. Baba aliusoma wote, kuanzia juu mpaka chini, na lile tabasamu likaondoka polepole.

Akamgeukia Sista.

"Kilifika, Sista. Nilikipoteza mimi. Nikaona nitumie nta yangu. Sisi watu wa porini, unatusamehe."

"Nta ya nyuki kwenye fidla!" Sista akasema, akatikisa kichwa. Hakusema kwa ubaya. Ila wale watoto watatu walicheka.

"Nipe wiki mbili," baba akasema. "Nitakwenda Kasansa nitafute mkia mwingine."

"Nilishasema, mzee. Ninaanza leo. Mwakani, labda."

Mwakani Sista alikuwa ameshahamishwa, na okestra iliondoka naye kwenye masanduku.

Mdogo wangu hakulia pale. Alimvuta baba mkono wa koti. "Baba, si ulisema italia?" Baba alikuwa anaifunga fidla kwenye kanga, na lile fundo lilimshinda.

Nilimngoja anichape. Jioni ile nilikata fimbo mwenyewe, nikaiweka mlangoni. Aliiruka akaingia ndani. Kesho yake hivyohivyo. Nilianza kutamka, "Baba, ile siku..." akasema, "Kuna kuni za kupasua," akatoka. Hajaniuliza mpaka leo ule utomvu uliishia wapi, na mimi sijamwambia. Nikiigiza katibu wa kijiji, mama anacheka, bibi anacheka. Baba anakula ugali wake.

Mdogo wangu alimchukia baba kwa mwaka mzima, na nadhani anamchukia bado. Alikuwa akimngoja njiani anaporudi na asali, akaacha. Alikuwa anakaa karibu naye kwenye mkeka. Akahamia kwa mama. Bibi alimwambia baba mara moja tu, mbele yetu, "Usinga wa mume wangu," basi, hakumalizia. Baba alivipokea vyote kama anavyopokea nyuki, bila kupunga mkono.

Sasa niko kidato cha kwanza, mbali, na nyumbani narudi likizo. Likizo iliyopita nilikuwa nimekaa uani na mdogo wangu tunamenya karanga. Baba alikuwa hatua chache tu, ametupa mgongo, anachonga mzinga kwa tezo. Mdogo wangu akaniuliza, wala hakupunguza sauti:

"Kaka, hivi baba alikipotezea wapi kile kidude cha Sista?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Ningeweza. Ilikuwa sentensi moja.

"Alikila," nikasema. "Alidhani ni sukari guru."

Mdogo wangu akacheka, akacheka mpaka karanga zikamwagika, kicheko ambacho sijakisikia kwake tangu ile Jumatatu. Tezo la baba likasimama hewani. Kisha likashuka, akaendelea kuchonga.