Faini Kwenye Kona ya Ukungu

Mama alitaka kuliona bonde la Ruvuma. Hiyo tu ndiyo iliyotutoa nyumbani. Miaka minne alikuwa haoni kwa mtoto wa jicho, na tangu afanyiwe upasuaji kule hospitali ya Ndanda alishangaa hata majani ya mihogo. "Nipelekeni Newala nilikozaliwa," alisema.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Masasi kwa Noah ya mdogo wangu Yusto, anayobebea abiria. Aliendesha polepole mno. Mwezi ule alikuwa ameandikiwa faini mara tatu, na kila alipoona kibao cha hamsini alishuka hadi arobaini. Kwa mwendo ule majabali ya Masasi yalibaki nyuma yetu kama yanaelea, na mikorosho ilipita mmoja mmoja, ikinukia maua.

Tulipoanza kupanda mlima, ukungu ulitumeza.

"Simama, mwanangu," Mama alisema. "Niuone."

Yusto akasimama kwenye kona. Tukakaa katikati ya weupe, hatujui mbingu iko wapi. Mara akatokea mwanamke mwenye sare nyeupe.

"Malaika," Mama akanong'ona.

Alikuwa trafiki. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Yusto. "Dereva, umesimama kwenye kona. Ni kosa."

"Afande, nikikimbia faini, nikisimama faini. Sasa niruke?"

Mashine ya faini mkononi mwake ilikuwa imeshatoa karatasi. Mama akaiomba, akaishika mbali na uso, akasoma taratibu: "Kusimama... mahali... pa hatari." Yalikuwa maandishi yake ya kwanza kuyasoma baada ya miaka minne. Alicheka kwa furaha mpaka trafiki naye akatabasamu.

"Na hela hii inakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Serikalini, mama. Zaidi ya hapo sijui."

Yusto alitaka kugeuza gari, maana faini ingemeza hela ya mafuta. Nikamwambia mafuta nitanunua mimi.

Saa nne tulifika Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu. Ukungu ulikuwa umepasuka. Chini kabisa bonde lilikuwa la buluu, mto mwembamba kama uzi, na ng'ambo milima ya Msumbiji ikionekana kama imechorwa kwa moshi. Yusto alibaki garini amenuna. Mama akamfuata.

"Umeleta watu huku miaka mingapi?"

"Saba."

"Hujawahi kushuka?"

"Nikishuka, mama, nani atatafuta hela ya faini?"

Mama akamshika mkono, naye Yusto akashuka. Tulisimama pale watatu muda mrefu, upepo ukitupitia.

Alasiri, tukiteremka, Yusto akasema bila kunitazama, "Dada, kulipa nalipa. Leseni, ushuru, faini. Ila sijawahi kuambiwa asante na mtu."

Mimi ni mwalimu. Kila mwaka nawafundisha watoto kwamba kodi hujenga nchi.

"Asante, Yusto," Mama akasema kutoka kiti cha nyuma.

Tangu siku hiyo, somo lile nalianza na neno hilo.