Siku Nilipoona Maana ya Kujitutumua

Neno "kujitutumua" nililijua tangu shuleni, ila maana yake niliiona uani kwetu Ihanda, siku mchumba wangu alipokuja kujitambulisha na kuleta posa.

Alikuwa dereva wa malori, anaishi Tunduma. Asubuhi ile nilimpigia simu nikamtahadharisha kwamba baba anafuga bata mzinga dume, mkali, hapendi wageni.

"Mimi nafika na semi hadi Lubumbashi," akanijibu. "Leo nimwogope kuku?"

Akaja na mshenga wake, suti imenyooka, kifua mbele. Kabla hajamaliza kumwamkia baba, bata yule akatokea nyuma ya banda, manyoya yamesimama, mabawa yanakwaruza ardhi. Mchumba wangu naye akatanua mabega, akapiga mguu chini.

"Toka hapa!"

Sauti ilimkatikia njiani. Bata akasogea hatua moja tu. Mshenga alishakimbilia barabarani, na dereva wangu nikamwona juu ya kichanja cha kahawa, viatu vipya vimezama kwenye buni zilizoanikwa.

Baba aliitazama kahawa yake iliyokanyagwa. Nikajua posa imekwisha.

Bibi, aliyekuwa anapika uji mlangoni pa jiko, ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Wanajitutumua wote wawili!" Akamfukuza bata kwa mwiko, kisha akaniita. "Mjukuu wangu, angalia huu uji. Moto ukizidi unatutumka, unapanda utadhani utajaza nyumba. Haya, ipua."

Nikaipua sufuria. Uji ukashuka ukatulia.

"Umeona? Ulifura tu. Uji ni uleule."

Siku nyingine nilifungua kamusi, nikakuta bibi hakukosea: kututumka ni kufura, na anayejitutumua anajifurisha mwenyewe.

"Bibi," mchumba wangu akasema siku ile, bado yuko kichanjani, "mimi nimeshaipuliwa."

Hapo baba alishindwa kujizuia. Alicheka akishika mbavu, akampa mkono ashuke. "Karibu, mwanangu. Viatu uvue."

Mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Wiki nzima nilikuwa nawatambia wenzangu kuwa simwogopi baba, na usingizi sikuupata.

Mshenga alirudi, na posa ikapokelewa mchana uleule. Nilipopeleka chai nilimkuta baba na mchumba wangu wamepiga magoti, wanaokota buni zilizomwagika, baba akiuliza barabara ya Kongo ikoje.