Mkoromo wa Mbaruku

Siku Mbaruku alipozikwa, Haruna alisimama makaburini kama nguzo ya simu, mikono mfukoni, hasemi neno. Hilo halikuwa jambo dogo. Haruna ni Mnyamwezi na Mbaruku alikuwa Mzaramo, na msiba wa Mzaramo una kazi za Mnyamwezi ambazo hakuna mwingine wa kuzifanya. Mtani ndiye anayelizuia jeneza lisipite. Mtani ndiye anayejilaza mlangoni akidai marehemu hakumrudishia ndala zake. Wafiwa wanalia, yeye anawatania. Wakizidi kulia anawaigiza wanavyolia, mpaka mtu anajikuta anacheka na kamasi ziko puani. Ndiyo kazi yenyewe, haina mshahara wala likizo.

Na Haruna si mtu wa kukosa maneno. Ndiye aliyemwambia bwana harusi mmoja wa Msimbazi, tena kwenye maiki, kwamba suti yake imebakiza vigingi tu iwe hema. Yeye alipiga gitaa la rithimu na Mbaruku alipiga besi, bendi moja, harusi baada ya harusi, tangu walipoacha kukaa dawati moja sekondari. Kila walipopakia vyombo, Mbaruku alimwachia spika.

"Beba, mpagazi. Babu zako walitoka Tabora na pembe za ndovu kichwani, wewe spika inakushinda?"

"Na wenu walikuwa wamekaa hapahapa pwani wanatusubiri na dafu. Mpaka leo hamjainuka."

Hivyo ndivyo walivyopendana. Halafu usiku mmoja wakati Mbaruku anarudi kutoka kazini, bodaboda aliyopanda ikagongwa. Gitaa lilipona. Begi dogo lenye pedali ya gitaa lake halikuonekana tena. Waliokuja kuokoa walikuwa wengi, waliokuja kuokota walikuwa wengi zaidi.

Siku ya kuanua matanga, Bi Zamda, mama yake Mbaruku, alimwita Haruna uani.

"Mwanangu alikuwa na watani?"

"Alikuwa nao, mama."

"Mbona nimemzika kama mtu asiye na kwao?"

Bi Zamda hakuwa amefoka. Tangu msiba uingie hakufoka, hakulia kwa sauti, hakucheka. Kila aliyempa pole alijibiwa "alhamdulillah" kwa sauti ileile, kama mashine ya kusema namba za foleni.

"Kwenye arobaini yake utakuja?"

"Nitakuja."

"Njoo na Mbaruku," alisema, akamkabidhi shati la mistari na kofia ya marehemu.

Haruna alielewa. Siku ya arobaini mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, watu wakamwona mara ya mwisho, wakacheka, ndipo wakamwachia aende zake. Safari hii akishindwa hakuna siku nyingine.

Mwendo aliuweza. Sauti aliiweza, hata kile kikohozi cha kujifanya mtu mkubwa. Kilichomshinda ni besi. Besi ya Mbaruku ilikuwa inakoroma. Watu wazima hupiga besi ikatulia chini kama msingi wa nyumba; yeye alikuwa na kile kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, pedali ya fazi, kinachoichana sauti ikatoka na magamba. Kuna mzee mmoja kwenye harusi ya binti yake alitaka kuwaitia fundi, akidhani spika imepasuka. Mbaruku bila mkoromo ule ni shati tu.

Kwa hiyo Haruna akalibeba gitaa la marehemu mpaka kwa Shaibu, muuza vyombo vya muziki vya mtumba, kichochoroni karibu na Mtaa wa Msimbazi. Duka lake ni jembamba kiasi kwamba mteja akiingia na gitaa, Shaibu inabidi avute tumbo ndani.

"Fazi ya besi? Ninazo mbili," alisema Shaibu. "Hii ya bluu ni mpya. Hii nyingine... na yenyewe ilikuwa mpya."

Wakaanza na ya bluu. Haruna akapiga uzi wa juu, ukanguruma vizuri. Akashuka kwenye uzi mnene, na hapo besi yote ikatoweka, ikabaki kelele ya mbu aliyebanwa mlangoni.

"Imekula kifua," Haruna alisema.

"Fazi nyingi ndivyo zilivyo, kaka. Zimetengenezwa kwa ajili ya wapiga solo. Ukiziwekea besi, zinakupa makucha zinachukua mwili."

Ile ya pili ilikuwa na rangi ya kutu, nusu rangi na nusu kutu kweli. Yenyewe haikula kifua. Uzi mnene ulibaki mnene, na juu yake ukaja mchakacho kama mtu anasaga mchanga. Haruna akapiga kile kipande alichokipenda Mbaruku, kinachopanda halafu kinajirusha chini. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri mno, safi kama cheti.

"Siyo," alisema.

"Siyo nini? Si umesema unataka kifua?"

"Ya kwake ilikuwa inajikwaa. Ukishika noti haikai. Inakata, inarudi, kama mzee anayesinzia kwenye mkutano."

"Basi huyo alikuwa na pedali mbovu."

"Alikuwa na pedali mbovu, ndiyo. Nipe hiyo mbovu."

Akarudi kwenye ya bluu, akaja tena kwenye ya kutu, akazungusha kila kilichozunguka. Shaibu alishaanza kupiga miayo. Haruna alikuwa anakaribia kuiacha ya kutu pale sauti ilipotetereka. Noti ikashika, ikapasuka, ikakata, ikarudi ikiwa imechoka.

"Samahani, kaka," Shaibu alisema, mkono ukienda droo. "Betri inakufa. Ngoja nikuwekee mpya."

"Usiguse!"

Mpaka muuza chaji za simu wa nje akachungulia.

Haruna akakaa juu ya spika. Jinga lile. Jinga la Kizaramo! Miaka yote ile Mbaruku alikuwa akiokota betri za mraba ambazo washereheshaji walizitoa kwenye maiki zisizo na waya na kuzitupa harusi ikiisha. Alikuwa akizigusa kwa ulimi. Ikimtekenya kwa nguvu, anaiweka kando isubiri kuzeeka. Ikimtekenya kidogo, anacheka peke yake na kuitia mfukoni. Bendi nzima ilijua ni ubahili. Haruna mwenyewe alimtungia vichekesho juu yake, watu wakavunjika mbavu. Kumbe mwenzao alikuwa anachagua sauti, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Na yeye ndiye aliyekaa naye dawati moja.

"Ni ya arobaini ya nani?" Shaibu aliuliza taratibu, alipoambiwa pedali inakwenda kwenye arobaini.

"Mbaruku. Wa Mtaa wa Sikukuu."

"Ichukue. Ila usiijaribu tena nyumbani. Hiyo betri imebakiza maneno machache."

Haruna alizunguka Kariakoo kutafuta betri nyingine mbovu ya akiba. Mji huu ambao ukinunua tochi unauziwa na betri zilizokwisha kufa, siku hiyo wauzaji wote waliapa kwa mama zao kwamba betri zao ni mpya, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanasema kweli.

Siku ya arobaini hitma ilisomwa baada ya alasiri. Dua ilipokwisha, mjomba Abdulmajid aliiona amplifaya uani.

"Zamda, gitaa kwenye hitma?"

"Hitma imeisha, kaka. Sasa ni zamu ya watani."

Haruna akatoka chumbani ndani ya lile shati la mistari, kofia imelalia sikio, anaburuta mguu wa kushoto. Wanawake wakapiga ukelele. "Huyo! Huyo!"

"Nani kakalia kiti changu?" akauliza kwa sauti ya Mbaruku, na kikohozi juu. "Yaani mtu ukifa kidogo tu, tayari! Mjomba, hizo ndala ni zangu, usizifiche chini ya kanzu."

Mjomba akacheka bila kupenda. Uani wote ukacheka. Bi Zamda alikuwa mkekani, mgongo ukutani, ncha ya kanga mdomoni. Yeye hakucheka.

Haruna akakanyaga pedali.

Ulitoka ule mkoromo. Ukapanda, ukajirusha chini, ukajikwaa palepale ulipokuwa ukijikwaa siku zote. Sahani zikasimama mikononi mwa watu. Bi Zamda akanyanyua mkono, akafoka kwa sauti ambayo nyumba haikuwa imeisikia tangu msiba:

"We Mbaruku! Punguza hilo, tutafukuzwa hapa!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Zamda akabaki na mkono hewani, kama aliyesikia maneno yake yakisemwa na mtu mwingine.

Noti ikakata. Ikarudi, nyembamba. Ikakata. Vidole vya Haruna viliendelea kutembea juu ya nyuzi, na hakukuwa na sauti. Hapo ndipo mtani hutupia neno. Akalitafuta neno, akapata chozi, nyuma ya chozi likaja jingine, kisha kikatoka kilio, kikubwa, cha mtoto, mdomo wazi. Mtani halii. Analiza, anaigiza, lakini halii.

"Tazameni anavyotuigiza wafiwa!" akapaza sauti Swaumu, jirani wa chumba cha pili. "Hadi kamasi! Ama kweli Wanyamwezi!"

Uani ukalipuka. Watu walijipiga mapaja, mjomba alivua miwani ajifute macho. Bi Zamda akamtazama Haruna. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kicheko kikapanda kutoka chini kabisa, akamwangukia Swaumu begani.

"Ataniua huyu Mnyamwezi, jamani, mtoeni, ataniua!"

Haruna alitaka kunyamaza. Alijipangusa uso, akavuta pumzi, na kicheko cha Bi Zamda nacho kikaanza kushuka, uso ukaanza kurudi kwenye ule wa alhamdulillah. Akaona. Basi akaushusha mkono, akalia tena, kwa nguvu zaidi, na ukosi wa shati la Mbaruku ukalowa, na kila alivyozidi kulia, mama yake Mbaruku alizidi kucheka.